Kuchomoka na foo wili: sifa zako, klachi ya nani?

Kimya changu msikiite kiburi, ni boksi tu, zamu za usiku zimebana. Leo nina dukuduku la magari. Tangu mwaka huu uanze wadogo zangu wamenipigia simu si chini ya mara nne, na swali ni lile lile: "Bro, Impreza ya gia za mkono unaiondoaje mpaka umwache mtu kwenye mataa?" Kabla sijajibu linafuata la pili: "Na klachi huko kwenu bei gani?" Ukiona maswali hayo mawili yameongozana, ujue la kwanza ndilo lililomzaa la pili.

Msimamo wangu nautoa mapema. Kuchomoka ni ufundi wa kweli, una hesabu zake na una mahali pake. Lakini barabarani hakumfanyi mtu kuwa dereva, na mimi sitatuma hata pauni moja kwa ajili ya klachi iliyoungulia kwenye mataa. Sasa tuelewane kwa hoja, nisije nikaambiwa ughaibuni umenifanya mwoga.

Kwanza tuseme ukweli, gari la foo wili lina raha yake. Gari likiondoka kwa nguvu, uzito wake unarudi nyuma. Lile linalovutwa na magurudumu ya mbele linapata shida hapo hapo: mbele kunakuwa kwepesi, tairi zinazunguka bure, moshi mwingi na mwendo kidogo. Linalosukumwa na magurudumu ya nyuma lina nafuu, lakini bado ni tairi mbili tu zinazofanya kazi. Foo wili inatumia zote nne, kwa hiyo uzito wote wa gari unasaidia kushika lami. Audi walipoonyesha Quattro yao Geneva mwaka 1980, haikupita miaka mingi mashindano ya rali yakabadilika kabisa. Subaru na Mitsubishi wakaifuata njia hiyo hiyo na Impreza na Lancer Evolution, magari ambayo vijana wetu wanayaota mpaka leo.

Ila raha hiyo ina bili yake. Tairi linaloserereka ni kama fyuzi ya umeme: nguvu ikizidi, fyuzi inakatika na nyumba inabaki salama. Kwenye foo wili, juu ya lami kavu, fyuzi hiyo ni kama haipo. Tairi nne zimeshika, hazitaki kuserereka. Sasa ile nguvu iende wapi? Inarudi kwenye klachi, kwenye meno ya gia, kwenye propela na kwenye difu. Ndiyo maana mtu aliyezoea kuachia klachi ghafla kwenye gari lake la zamani, akihamia foo wili anaishia kwa fundi.

Wanaojua kazi wanafanya hivi. Injini inakuwa imeshapata joto, usukani umenyooka, gia namba moja. Gari la turbo la lita 2 likiwa kwenye mizunguko 1,500 turbo bado imelala, ukiachia hapo injini inazubaa au inazima kabisa. Kwa hiyo wengi wanaishikilia kati ya mizunguko 4,000 na 5,000 kwa dakika. Taa ikiruhusu, mguu wa kushoto unapanda haraka mpaka klachi inapoanza kushika, unangoja hapo kidogo sana, halafu unaachia kabisa kadiri gari linavyochukua mwendo. Mguu wa kulia haulali, unaongeza mafuta ili mizunguko isianguke. Ukiachia ghafla, injini inazama au kitu kinavunjika. Ukichelewa kuachia, unasikia ile harufu inayojulikana. Katikati ya makosa hayo mawili nafasi ni nyembamba sana, na ndiyo maana nikasema ni ufundi.

Sasa twende kwenye hesabu ambayo vijana hawapigi. Chukua gari la kilo 1,400. Ukiishikilia injini kwenye mizunguko 5,000, mpaka klachi ishike kabisa kwenye gia ya kwanza gari linakuwa na mwendo wa kama kilomita 40 kwa saa. Muda wote huo klachi inasuguana, na joto inalopata linakaribia kuwa sawa na nguvu ya mwendo ambayo gari limepata. Ni joto la kutosha kuchemsha kikombe cha chai cha robo lita, kutoka maji ya kawaida mpaka yatokote. Yote hayo ndani ya sekunde moja na nusu au mbili, kwenye sahani nyembamba isiyo na maji ya kuipoza. Ukirudia mara tano mfululizo bila kuipumzisha, umechemsha chai ya wageni watano juu ya klachi. Halafu unashangaa inateleza?

Huku Uingereza vijana wenye ugonjwa huo wana pa kuupeleka. Upo uwanja unaitwa Santa Pod, kijijini Podington, uliojengwa juu ya uwanja wa ndege wa kivita wa zamani, na mashindano yalianza hapo mwaka 1966. Kuna siku mtu wa kawaida analipa, anaingia na gari lake, anakimbia robo maili, yaani kama mita 402. Mwisho anapewa karatasi ya muda wake, mpaka wa mita 18 za mwanzo. Na kuna jambo la kufurahisha: saa ya gari inaanza kuhesabu gari linapotoka kwenye mstari, si taa inapowaka. Kuchelewa kwako kunaandikwa peke yake. Hapo hakuna ubishi wa kijiweni, karatasi inasema.

Ukiyafanya hayo barabarani ni habari nyingine. Kushindana kwenye barabara ya umma ni kosa kwa sheria ya mwaka 1988, na ukipatikana na hatia leseni inasimamishwa. Sheria nyingine ya mwaka 2002 inawaruhusu polisi kukamata gari linaloendeshwa hovyo na kusumbua watu.

Mtaniambia, "Huko ni kwao, huku nyumbani nani anajali?" Basi tuache polisi, tuangalie mataa yenyewe. Hizo sekunde mbili za kuchomoka zinakupeleka kama mita 10, na mita 10 ndipo alipo mama anayemalizia kuvuka na ndoo yake, ndipo ilipo bodaboda iliyojipenyeza mbele yako. Wewe macho yako wapi? Yako kwenye taa, kwenye mshale wa mizunguko na kwa jamaa wa pembeni. Uwanjani mbele hakuna mtu, ndiyo sababu unaruhusiwa kuangalia mshale.

Wengine watasema gari ni lao na hela ni zao. Ni kweli kwa wachache. Magari mengi ya kwetu yana mchango wa shangazi, wa kaka, wa mjomba aliyeko zamu ya usiku. Na haya magari yanazeeka. Evolution ilisimama kutengenezwa mwaka 2016, na mwaka 2022 Subaru walitangaza kwamba WRX STI mpya ya injini ya mafuta haitakuja. Giaboksi unayoivunja leo, kesho utaitafuta kwa tochi. Na kama unachotaka ni kuondoka haraka tu, siku hizi magari ya umeme yanafanya hivyo kwa kukanyaga pedali moja, hata bibi anaweza.

Tena sisi watu wa Afrika Mashariki tulifundishwa mapema. Safari Rally ilianza mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Gari la foo wili lilikuja kushinda mwaka 1987, Audi ya Hannu Mikkola, na mwaka 1994 Mkenya Ian Duncan akashinda na Toyota Celica. Zilikuwa maelfu ya kilomita za vumbi na matope. Aliyeshinda ni yule ambaye gari lake lilifika, klachi ikiwa bado inashika.

Kwa hiyo wadogo zangu, mkiunda klabu, mkaomba mfungiwe eneo, mkaweka gari la wagonjwa na watu wa zimamoto, mimi nitachangia kwa moyo mweupe, na helmeti nitatuma. Ila klachi ya mataa, hapana.

Naomba kuwasilisha. Wasalimieni wazee, na ule mzigo wa dagaa msiusahau.