Kilimo hai: Soko lipo, daftari liko wapi?

WAKULIMA wengi wadogo nchini Tanzania wanalima bila mbolea za chumvichumvi wala dawa za viwandani. Wengi wao hawakuchagua kilimo hai. Mfuko wa mbolea umewashinda bei, au umefika kijijini wakati palizi ya kwanza imekwisha pita. Mazao yao hayakuguswa na dawa, lakini yakifika kwenye mzani yanalipwa bei ileile ya mazao ya jirani aliyepulizia msimu mzima.

Mkulima wa namna hiyo akisikia kwamba Ulaya kuna watu wanaolipa zaidi kwa mazao yasiyo na kemikali, ana haki ya kuuliza fedha hizo zinapotelea wapi. Jibu si gumu. Soko la mazao hai halilipii shamba ambalo halikuwekwa dawa. Linalipia ushahidi kwamba dawa haikuwekwa, na ushahidi huo ndio wakulima wengi hawana.

Si kwamba nchi haijapiga hatua. Katika Wilaya ya Meatu, ambayo sasa iko Mkoa wa Simiyu, kilimo cha pamba hai kilianza mwaka 1994 kwa ushirikiano na kampuni ya Uswisi. Wakulima wa huko wamejifunza kupanda alizeti katikati ya pamba ili funza wa vitumba wavutwe huko, na kutumia mwarobaini pale inapolazimu. Kakao ya Kyela, kahawa ya Kagera na viungo vya Zanzibar navyo vimeuzwa nje kama mazao hai. Mwaka 2005 ilianzishwa TOAM, taasisi inayounganisha wadau wa kilimo hicho nchini, na mwaka 2007 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikapata kiwango kimoja cha mazao hai pamoja na nembo ya Kilimohai. Mwaka 2023 Serikali ilizindua mkakati wa kitaifa wa kilimo ikolojia hai.

Hata hivyo, mkulima anayetaka kuingia katika kilimo hiki anapaswa kupiga hesabu kabla ya kupiga makofi.

Hesabu ya kwanza ni ya rutuba. Mfuko mmoja wa yurea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Samadi kavu yenye naitrojeni asilimia 1 hadi 1.5 itatoa kiasi hicho kwa tani moja na nusu hadi tani mbili na zaidi, na si yote itakayotumiwa na mmea katika msimu huo mmoja. Mwenye ng'ombe na mkokoteni anaweza. Asiye na mifugo atalazimika kutengeneza mboji, kupanda mazao jamii ya kunde na kubadilisha mazao shambani, kazi ambayo inahitaji mikono na subira. Asiyefanya lolote kati ya hayo, akaacha tu kununua mbolea, hafanyi kilimo hai. Anachosha ardhi yake.

Hesabu ya pili ni ya muda. Kwa soko la Umoja wa Ulaya, shamba la mazao ya msimu hupitia kipindi cha mpito cha miaka miwili kabla ya kupandwa zao litakalouzwa kama zao hai. Kwa mazao ya kudumu kama kahawa na kakao ni miaka mitatu kabla ya mavuno ya kwanza. Katika kipindi hicho mkulima anafuata masharti yote, lakini anauza kwa bei ya kawaida. Aliyekuwa hatumii kemikali tangu zamani anaweza kupunguziwa muda, ila kwa sharti kwamba awe na kumbukumbu za kuthibitisha. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Hesabu ya tatu ni ya ukaguzi na cheti. Chukulia kikundi cha wakulima 200 ambacho gharama zake za ukaguzi, cheti na usimamizi ni Sh8 milioni kwa mwaka. Kila mkulima anabeba Sh40,000. Kama bei ya ziada ni Sh200 kwa kilo, aliyevuna kilo 500 anapata nyongeza ya Sh100,000 na kubaki na Sh60,000. Aliyevuna kilo 150 anapata nyongeza ya Sh30,000 tu, na hivyo amepoteza Sh10,000. Cheti hakimnufaishi mwenye mavuno haba, kwa hiyo kazi ya kuongeza mavuno kwa eneo haiwezi kuachwa kando kwa kisingizio cha bei nzuri.

Sasa chukulia kwamba nusu ya wanakikundi, kwa shida ya ada ya shule au njaa ya Februari, wamemuuzia mlanguzi aliyekuja na fedha taslimu mkononi. Gharama za kikundi zinabaki palepale. Mzigo wa kila aliyebaki unapanda kutoka Sh40,000 hadi Sh80,000, na yule wa kilo 500 anabaki na Sh20,000. Vikundi vingi vinaweza kuvunjika kwa njia hiyo bila mdudu hata mmoja kushambulia shamba. Kikundi ambacho hakina mfuko wa kumkopesha mwanachama kidogo kabla ya mavuno kinamwachia mlanguzi mlango wazi.

Wafanyabiashara wadogo nao wana sehemu yao. Mzigo wa zao hai unaweza kuharibika baada ya kutoka shambani: kwenye gunia lililokuwa na mbolea ya kiwandani, kwenye ghala lililofukiziwa vidonge vya kuua wadudu, au kwenye lori lililochanganya magunia ya wakulima wawili. Wanunuzi wa Ulaya hupima masalia ya kemikali maabara. Kosa la gunia moja linaweza kukataisha mzigo wa kikundi kizima.

Mambo haya yamekuwa mazito zaidi kwa sababu sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2018, iliyoanza kutumika Januari mosi 2022, imebadilisha utaratibu wa vikundi. Awali kampuni inayosafirisha mazao iliweza kushika cheti kwa niaba ya wakulima wake. Sasa kikundi chenyewe kinatakiwa kiwe na usajili kisheria, kisizidi wanachama 2,000, kiwe na mfumo wake wa ukaguzi wa ndani, na kila mwaka wakaguzi kutoka nje wakague angalau asilimia 5 ya wanachama.

Wapo wanaoliona hilo kama mzigo tu, na ni kweli kwamba ni mzigo. Lakini lina upande wa pili. Mkulima ambaye cheti kiko mikononi mwa mnunuzi hana pa kwenda bei isipomridhisha, maana akihama anahama bila cheti. Kikundi chenye cheti chake kinaweza kukaa mezani na wanunuzi wawili au watatu. Chama cha msingi cha ushirika kinaweza kufaa kwa kazi hiyo, mradi vitabu vyake viwe safi na viongozi wake wasomewe mapato na matumizi mbele ya wanachama.

Soko la nje pia silo pekee. Nembo ya Kilimohai inaruhusu mfumo shirikishi wa uhakiki, ambamo wakulima hukaguana wenyewe kwa utaratibu uliokubaliwa, kwa gharama ndogo. Kwa mboga na matunda yanayouzwa katika miji yetu, huo unaweza kuwa mwanzo mzuri kuliko kukimbilia Ulaya.

Serikali nayo isiishie kwenye mikakati. Tangu msimu wa 2022/23 imekuwa ikitoa ruzuku ya mbolea, jambo jema kwa wengi. Lakini mkulima wa kilimo hai hafaidiki na ruzuku ya mbolea za viwandani. Ni haki naye asaidiwe: ofisa ugani anayejua mboji na mwarobaini, na mchango katika gharama za cheti miaka ile ya mpito ambayo haina bei ya ziada.

Kwa mkulima mmoja mmoja, hatua ya kwanza haingoji bajeti ya mtu. Daftari la shule halina bei kubwa. Aandike tarehe ya kupanda, mbegu aliyotumia na ilikotoka, alichoweka shambani na kilo alizovuna. Mkaguzi atakapofika, ataanza kwa kuomba hilo.