Likizo ya Familia Isiyoacha Deni

Shule zinapofungwa mwezi wa Desemba, katika makazi ya askari na polisi wa Arua na Koboko huanza maneno yale yale. Mtoto mmoja amerudi kutoka Kampala, naye husimulia habari za bembea zinazozungushwa na mashine, vigari vinavyogongana na mabwawa ya kuogelea yenye mitelezo. Wenzake humsikiliza vinywa wazi. Jioni ile ile kila baba huulizwa: “Baba, na sisi tutakwenda lini?”

Swali hilo ni la haki, wala halifai kujibiwa kwa ukali. Tangu bustani ya Tivoli ilipofunguliwa mjini Copenhagen mwaka 1843, na Disneyland kule California mwaka 1955, watoto wa mataifa mengi wamevutwa na viwanja vya namna hiyo. Bembea yenyewe haina ubaya. Ubaya huingia pale mzazi anapokopa ili asionekane mnyonge mbele ya jirani.

Na achukuliwe koplo mwenye mke na watoto wanne. Kutoka Arua hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 450, na anayetoka Koboko huongeza kama kilomita 55. Watu sita, kwenda na kurudi, ni tiketi 12 za basi. Hapo bado malazi, chakula, viingilio na malipo ya michezo. Siku mbili za ruhusa huishia kwenye kiti cha basi. Mwezi wa Februari shule hufunguliwa, na deni la Desemba huwa limekwisha kuimeza karo. Mtoto aliyepandishwa bembea ndiye huyo huyo anayerudishwa nyumbani kwa kukosa ada.

Lipo jambo zito kuliko fedha. Askari wengi hukaa mbali na jamaa zao kwa miezi mingi. Tangu mwaka 2007 majeshi ya Uganda yametumikia hata Somalia. Baba anaporudi, mtoto mdogo humtazama kama mgeni. Siku za ruhusa ni chache, na watoto wamemkosa baba kuliko walivyoikosa bembea. Kwa hiyo likizo njema ni ile inayowapa watoto saa nyingi pamoja na wazazi wao, mahali penye jambo la kuona na kujifunza. Mahali pa namna hiyo West Nile inapo.

MILIMA YENYE MASIMULIZI

Huko Terego, kaskazini-mashariki ya Arua, umesimama mlima Wati, na upande wa Koboko upo mlima Liru. Masimulizi ya Walugbara yanawataja mashujaa wawili, Jaki na Dribidu, ambao koo nyingi huhesabu ukoo wao kutoka kwao. Husemwa kwamba Jaki alifia Liru, na Dribidu alifia Wati. Mtoto atakayepanda mmoja wa milima hiyo huku babu au mjomba akimsimulia habari hizo atashuka akiwa na kitu cha kuwaeleza wenzake.

Desemba na Januari ni miezi ya ukavu, nayo hufaa kwa kupanda. Safari ianze alfajiri kabla ya jua kali, kila mtu akiwa na viatu vya kufunika vidole. Kwa kuwa milima hii ina heshima yake kwa wenyeji, familia ianze kwa mwenyekiti wa kijiji na wazee, iombe ruhusa na kijana wa kuongoza njia.

MTO NAILI NA HABARI YA VIFARU

Mashariki ya Arua, kando ya Mto Naili, upo mji mdogo wa Rhino Camp, ambao jina lake latokana na vifaru weupe. Mwezi wa Januari 1910 Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alipiga kambi katika eneo hilo pamoja na mwanawe Kermit, wakawawinda vifaru hao. Wengine waliendelea kuishi katika Hifadhi ya Ajai, hata majangili wakawamaliza kabla ya katikati ya miaka ya 1980.

Hapa mzazi ana hadithi itakayomshangaza mtoto anayelilia viwanja vya mbali. Uganda ilipoanza kurudisha vifaru weupe, jamii ya kusini, katika shamba la Ziwa huko Nakasongola, wanne wa kwanza walitoka Kenya mwaka 2005, na wawili waliletwa mwaka 2006 kutoka Disney's Animal Kingdom, kiwanja cha starehe kilichoko Florida. Ndama wa kwanza, aliyezaliwa mwaka 2009, aliitwa Obama, kwa kuwa baba yake alitoka Kenya na mama yake Marekani. Mnyama aliyekuwa akitembea bure katika nyasi za West Nile, leo watu hununua tiketi ili wamwone Florida.

Mtoni familia itatazama wavuvi, mitumbwi na ndege, na itanunua samaki aina ya angara kwa chakula cha mchana. Lakini mto si bwawa la kuogelea. Mna viboko na mamba, na maji ya ukingoni yana kichocho. Mtoto asiingize hata mguu. Mbung'o pia wapo, na ni wao waenezao malale. Nguo ndefu za rangi hafifu husaidia. Asiyepata koti la kuokolea maji asipande mtumbwi.

NCHI TATU KWA SIKU MOJA

Mkoa wa Koboko unapakana na Kongo na Sudan Kusini, na mahali paitwapo Salia Musala nchi hizo mbili hukutana na Uganda. Hapo somo la jiografia huonekana kwa macho. West Nile ilikuwa chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, ikapewa Sudan mwaka 1910, na mwaka 1914 ikaingizwa Uganda. Ndiyo sababu Wakakwa leo wana jamaa katika nchi zote tatu. Barabara ya lami itokayo Vurra kupitia Arua na Koboko hadi Oraba, kilomita 92, imeirahisisha safari hiyo.

Mzazi aliye askari au polisi anafahamu kwamba mpakani si mahali pa kuzurura. Aulize kwanza kwa wakuu wa usalama wa Koboko kama njia ni shwari, aende bila sare, na asipige picha za vituo wala za walinzi. Akiambiwa asiende, asiende.

MATAYARISHO YA NYUMBANI

Baba na mama wakae na daftari moja. Kwanza waandike karo na chakula cha Januari. Fedha hizo zisiguswe. Kitakachosalia kigawanywe katika nauli, chakula na akiba ya dharura. Mihogo ya kuchemsha, karanga, simsim, mayai na jerikeni ya maji yaliyochemshwa vitoke nyumbani, maana vyakula vya njiani ndivyo hula fedha. Anayelala ugenini achukue vyandarua. Watoto wapewe safari mbili wachague moja. Aliyechagua mwenyewe hanung'uniki.

Na siku zinazobaki nyumbani zisipite bure. Kamba imara na tairi kuukuu, zikifungwa kwenye tawi nene la mwembe lililokwisha kujaribiwa na mtu mzima, ni bembea. Mzee apigaye adungu aalikwe jioni moja awaburudishe watoto wa jirani wote.

Familia inayotaka Kampala au Entebbe isikatazwe. Ianze kuweka akiba kidogo kidogo tangu mshahara wa Januari, maana haba na haba hujaza kibaba. Mpaka hapo, baba aanze na kilicho karibu, na ile siku aliyowaahidi watoto asiibadilishe pasipo sababu ya kazi.