Nyayo za Mshairi na Vilima vya Rungwe

Kila inapokaribia likizo ya shule ya katikati ya mwaka, wazazi huulizana watoto washughulishwe na nini. Jawabu ya wengi ni kuwapeleka mjini, kana kwamba aliyezaliwa Tukuyu hana cha kutazama mpaka afike Mbeya au Dar es Salaam. Sisi leo twataka kuleta jawabu nyingine, nayo ni miguu yao wenyewe na njia zilizo nyuma ya nyumba zao. Lakini kabla hatujafika Rungwe twamwomba msomaji atufuate kwanza mpaka Uingereza, kwani huko lipo jambo litakalotufaa.

Kaskazini ya nchi hiyo kuna vilima na maziwa, mvua nyingi na ukungu, hata mtu wa Rungwe akipelekwa huko hataona ugeni mkubwa, illa baridi na ukosefu wa migomba. Hapo ndipo alipozaliwa mshairi William Wordsworth mwaka 1770, na hapo ndipo alipofia mwaka 1850. Alikuwa mtu wa miguu. Beti zake nyingi alizitunga akiwa njiani, si mezani, na mwaka 1810 maneno yake ya kuwaelekeza wageni katika nchi ya maziwa yalichapishwa kwa mara ya kwanza, kisha yakawa kitabu. Leo watu hutoka pembe zote za dunia kuja kuzifuata njia hizo: kuiona nyumba ya Grasmere aliyokaa tangu 1799 mpaka 1808, na kuipita njia ya kale iliyokuwa ikipitishwa majeneza kwenda kuzikwa Grasmere. Mwaka 1951 nchi hiyo ilifanywa hifadhi ya taifa, na mwaka 2017 ikatiwa katika urithi wa dunia. Mashamba ya kondoo na kuta za mawe ambazo hapo zamani hazikuwa na maana ila kwa wenyewe, sasa zina maana kwa watu ambao hawajapata kumiliki hata kondoo mmoja.

Watu husema kwamba haya yote ni kazi ya mshairi. Sisi twaona kuwa ni nusu ya khabari. Wordsworth alikuwa na dada yake, Dorothy, waliyekaa naye nyumba moja na kutembea naye. Siku ya tarehe 15 Aprili 1802 walikuwa wakipita kando ya ziwa la Ullswater, wakaona maua ya manjano yamejaa ukingoni, yakitikiswa na upepo. Dorothy aliporudi nyumbani aliandika katika daftari lake alichokiona: upepo ulivyokuwa, maua yalivyokaa kati ya mawe, na yalivyoinama mengine kama yaliyochoka. Kaka yake hakuandika kitu siku ile. Baada ya miaka miwili ndipo alipotunga shairi la maua hayo, nalo likachapishwa mwaka 1807, na mpaka leo watoto wengi wanaosoma Kiingereza hufunzwa shairi hilo. Jina la kaka limeenea duniani. Lakini mwenye kulisoma daftari la dada huona wazi ya kwamba shairi lilinyweshwa kutoka kisima kile. Wala Dorothy hakuandika ili achapishwe. Aliandika kwa kuwa alitembea, akatazama, na hakutaka kusahau.

Basi turudi kwetu. Mwenye kutaka kuikanyaga ardhi ya Shaaban Robert, aliyezaliwa 1909 na kufariki 1962, njia yake ni ya Tanga, kwenye kijiji cha Vibambani. Mwenye kumtaka Muyaka bin Haji, sharti aingie mitaa ya kale ya Mombasa. Ama Rungwe haina mshairi mmoja mashuhuri ambaye wageni huja kuzitafuta nyayo zake. Je, ni kwa sababu nchi hiyo haina maneno? Hasha! Mtaalamu Godfrey Wilson na mkewe Monica waliokaa na Wanyakyusa katika miaka ya 1930 waliandika kwa urefu juu ya mazishi ya nchi ile: wanawake wanavyolia kwa maneno ya kupangwa, wanaume wanavyocheza na mikuki. Hayo yalikuwa maneno ya ustadi, yenye watungaji wake. Tofauti ni kwamba watungaji hao hawakuwa na daftari, na wajukuu wao wenye madaftari hawawaulizi.

Na khasara ya kutouliza si ya mashairi tu. Katika msitu wa Mlima Rungwe yupo kima mrefu wa manyoya, ambaye wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimwita kipunji. Wataalamu waliposikia jina hilo walikuwa na shaka, kwani watu wale husimulia pia juu ya wanyama wa hadithi. Mwaka 2003 wakamwona kwa macho yao. Mwaka 2005 wakautangazia ulimwengu kuwa ni mnyama asiyepata kuandikwa katika vitabu vya elimu, na mwaka uliofuata wakampa jinsi ya peke yake yenye jina la mlima wenyewe. Dunia ikastaajabu. Wazee wa Rungwe hawakustaajabu kitu, maana jina walikuwa nalo siku zote. Mlima huo ulifanywa hifadhi ya msitu wa asili mwaka 2009. Twajiuliza ni majina mangapi mengine yaliyomo vinywani mwa wazee wa Isongole na Mwakaleli ambayo yatazikwa pamoja nao.

Kwa hiyo twapendekeza matembezi ya jamaa, na kila matembezi yawe na daftari moja. Mwanzo mwema ni Masoko, kusini-mashariki ya mji wa Tukuyu, penye ziwa la duara lililokaa ndani ya kinywa cha volkeno ya zamani. Wenyeji huliita Kisiba. Juu yake lipo boma la mawe la Wadachi. Vijana watakuelezeni mara moja habari ya mali waliyoitupa Wadachi ziwani walipokimbia vita, na wengine watakuonyesheni sarafu. Sikilizeni kwa adabu, lakini msiuze shamba kwa ajili ya kuitafuta mali hiyo. Hazina ya Masoko ambayo haina shaka imo katika tope na samaki wake. Tope la chini ya ziwa limetoboliwa na wataalamu, wakasoma ndani yake khabari za mvua na ukame wa zaidi ya miaka 40,000. Na mwaka 2015 ilitangazwa kuwa samaki wa ziwa hilo dogo wanajigawa mbele ya macho yetu kuwa aina mbili, madume ya manjano pwani na madume ya buluu kwenye kina. Kando yake yapo maziwa mengine ya namna hiyo, Kyungululu, Ikapu, Itamba. Muulizeni mzee wa hapo kila jina lina maana gani, na ni nani alilima kingo zake zamani.

Safari ya pili ni ya Mto Kiwira. Lipo huko Daraja la Mungu, tao la mawe yaliyotoka motoni mlimani na kupoa, na mto unapita chini yake. Mbele yake ni Kijungu, ambapo maji huzunguka ndani ya shimo la mwamba kama uji unaochemka. Hapo watoto washikwe mikono, maana mwamba huteleza. Safari ya tatu ni ya Ngozi, ziwa lililo juu mlimani katikati ya msitu, lisilo na mto uonekanao ukitoka. Kupanda ni kazi ya saa moja na nusu au mbili kwa mtu mzima. Kushuka mpaka majini ni jambo jingine. Hatuwashauri wenye watoto wadogo wajaribu. Mlima Rungwe wenyewe, wenye urefu wa karibu mita 2,960, ni wa siku nzima na wa vijana wenye nguvu, na hauendewi pasipo mwongoza njia na idhini ya wenye hifadhi. Ukungu wa huko huwapoteza hata wenyeji.

Wakati mzuri ni baina ya Juni na Oktoba. Hata hivyo Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, basi mwenye kungoja siku iliyo kavu kabisa atangoja nyumbani. Maji ya kutawadha hayakosekani njiani. Kibla nacho si tabu: mwenye kusali Tukuyu huelekea kaskazini kwa kupinda kidogo mashariki, yaani karibu ya upande ule ule ulikosimama Mlima Rungwe.

Wapo watakaosema kwamba matembezi ni ya wavulana. Twawajibu kwa daftari la Dorothy. Msichana akiwa pamoja na baba yake, mama yake au ndugu zake, ana haki ya kukiona Kisiba kama kaka yake, na yaelekea atakiandika vizuri zaidi, kwani wavulana wetu wakirudi safari hukumbuka chakula tu. Na asiandike maneno makubwa. Aandike tarehe, njia waliyoipita, nani aliwaamkia ugonile wakamwitikia, mti gani ulikuwa umechanua, mto unaitwaje kwa Kinyakyusa na kwa Kiswahili, na bibi yupi aliyeimba wimbo gani alipoulizwa juu ya mazishi ya zamani. Maneno ya bibi yaandikwe kwa lugha yake kama alivyoyatamka, pasipo kutengenezwa, na jina lake liwekwe chini akiridhia.

Daftari la shule la kurasa 96 latosha kwa likizo moja. Livikwe mfuko wa plastiki kwa ajili ya mvua, na penseli ni bora kuliko kalamu ya wino, maana wino ukilowa hufutika.