Kwa Nini Mwalimu wa Mpira Huondoka?

Kila mara mwalimu wa mpira anapoondoka katika mji wetu wa Lubumbashi, jibu la watu huwa tayari kabla hata ndege haijaruka: "Amefuata fedha." Hivyo husemwa katikati ya mji, penye ofisi na maduka, karibu na Kanisa Kuu la Watakatifu Petro na Paulo; hivyo husemwa Kamalondo, penye uwanja wa Mazembe; na hivyo husemwa hata na vijana wa shule, ambao hawajapata bado kupokea mshahara wa mwezi mmoja. Sisi hatusemi kwamba jibu hilo ni la uongo. Twasema tu kwamba ni fupi mno, tena kijana akilizoea atakuja kuwahukumu kwa kipimo hicho kimoja watu wote wahamao, hata baba yake mwenyewe siku atakapobadili kazi.

Wasomaji wetu wazee watakumbuka, na vijana yafaa waambiwe, ya kuwa timu iitwayo Tout Puissant Mazembe ilizaliwa shuleni. Mwaka 1939, mji ulipokuwa ukiitwa bado Élisabethville, wamonaki Wabenedikto waliokuwa wakiongoza Chuo cha Mtakatifu Bonifasi waliwatafutia wanafunzi wao mchezo wa kuwashughulisha nje ya masomo, ikaundwa timu yenye jina la Mtakatifu Georgi. Baadaye iliitwa Mtakatifu Paulo, kisha Englebert, kwa jina la watengenezaji wa mipira ya magari, na mwisho Mazembe. Mwaka huo huo wa 1939 ilizaliwa na Lupopo, timu ya watu wa reli, chini ya jina la Mtakatifu Eloi. Katika timu ya shule, afundishaye mpira jioni mara nyingi ndiye aliyefundisha hesabu asubuhi. Akiondoka, ni kwa sababu wakubwa wake wamempeleka mahali pengine, naye hufunga sanduku lake akaenda.

Lakini timu ile ya wanafunzi ilikua. Mwaka 1967 na tena 1968 ilitwaa Kombe la Mabingwa la Afrika, na tangu hapo haikuwa tena jambo la jioni baada ya masomo. Palipo na kombe pana umati. Palipo na umati pana fedha na mkataba wa kuandikwa. Na mkataba, wasomaji wetu, una siku ya kwanza na siku ya mwisho. Hilo ndilo watu wasahaulo kila mara.

Tuchukue mfano ambao kila mtu hapa aujua. Bwana Patrice Carteron, Mfaransa, alikuja kwetu mwaka 2013, akiwa ametoka kuiongoza timu ya taifa ya Mali hata ikapata nafasi ya tatu katika Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka ule. Alikaa hapa hadi tarehe 8 Novemba 2015, siku ambayo wengi wetu hatutaisahau. Mazembe ilikuwa imekwisha kuishinda USM Alger mabao 2 kwa 1 kule kwao Algeria. Hapa nyumbani ikaifunga tena 2 kwa 0, ikawa bingwa wa Afrika kwa mara ya tano. Mwezi uliofuata timu ilikwenda Japani kwa kombe la vilabu vya dunia, ikafungwa na Sanfrecce Hiroshima 3 kwa 0, kisha na Club América ya Meksiko 2 kwa 1. Baada ya hapo Bwana Carteron hakuendelea nasi, na mwaka 2016 tukamsikia yuko Misri, akifundisha Wadi Degla.

Watu wakauliza: mtu aachaje timu iliyo bingwa wa Afrika kwa ajili ya timu ndogo kuliko hiyo? Hatumo moyoni mwake, wala hatutamsemea. Lakini tufikiri kidogo. Mwalimu akiisha kutwaa kombe lililo kubwa kuliko yote barani, mwaka unaofuata watu hawamshukuru tena kwa lile kombe, humdai jingine. Na safari hii angedaiwa bila Mbwana Samatta, yule kijana wa Tanzania aliyefunga katika michezo yote miwili ya fainali, ambaye Januari 2016 alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa wale wachezao ndani ya Afrika, na mwezi huo huo akaenda Genk, Ubelgiji. Kwa Samatta hakuna aliyenung'unika. Watu walisema, "Kijana aende, apande juu." Twauliza: mbona mwanafunzi akiondoka husifiwa, na mwalimu wake akiondoka huitwa msaliti?

Njia ya Bwana Carteron baada ya kututoka yafundisha mengi kuliko maneno yetu. Mwaka 2018 alikuwa na Al Ahly ya Cairo, akaifikisha fainali ya Kombe la Mabingwa. Mchezo wa kwanza alishinda 3 kwa 1. Wa pili, kule Tunis, akafungwa na Espérance 3 kwa 0. Mwezi ule ule wa Novemba aliondolewa kazini. Hakuna aliyesema hapo kwamba Al Ahly imekosa uaminifu. Mwaka 2020 alikuwa na Zamalek, ya mji huo huo, na mwezi wa Septemba aliiacha mwenyewe akaenda Al-Taawoun ya Arabuni, hali Zamalek ilikuwa ikingojea nusu fainali ya kombe lile lile la Afrika. Mtu ni mmoja. Mara moja ametolewa, mara nyingine ametoka. Aliyeona jinsi mwalimu afukuzwavyo kwa sababu ya dakika tisini za Tunis, hatashangaa sana kuona kwamba yeye naye hakuingoja nusu fainali. Hatusemi kwamba alifanya vema. Kuwaacha vijana katikati ya safari ni jambo baya, nasi tungalimwambia hivyo usoni pake. Twasema kwamba tabia hiyo ina wazazi wawili, na mmoja wao ni wakubwa wa timu.

Sababu nyingine ni ile ambayo mtu haichagui. Bwana Florent Ibenge, Mkongo mwenzetu, aliipatia nchi yetu nafasi ya tatu katika Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2015, na kombe la wachezaji wa nyumbani kule Kigali mwaka 2016. Muda wa miaka mingi aliifundisha pia AS Vita ya Kinshasa. Mwaka 2021 alikwenda Berkane, Moroko, na Mei 2022 akatwaa nao Kombe la Shirikisho la Afrika. Kisha akaenda Al Hilal ya Omdurman, Sudani. Aprili 2023 vita vikawaka nchini mle, na timu nzima ikawa kama familia ya wakimbizi: mara ikicheza Tanzania, mara ikiingizwa katika ligi ya Moritania. Mwalimu yule hakuwatoka mara moja. Alikaa nao katika kuhamahama kule, na mwaka 2025 ndipo akaenda Azam ya Dar es Salaam. Awaye yote asemaye kwamba waalimu wote hukimbilia mshahara tu, na atueleze miaka ile miwili.

Wako pia waondokao kwenye benchi bila kuondoka nyumbani. Bwana Lamine N'Diaye, Msenegali, ndiye aliyekuwa na Mazembe mwaka 2010, tulipoipiga Espérance 5 kwa 0 hapa Lubumbashi, na Desemba tukafika fainali ya dunia kule Abu Dhabi baada ya kuwafunga Internacional ya Brazili 2 kwa 0. Inter ya Milano ilitushinda 3 kwa 0, lakini hakuna timu ya Afrika iliyokuwa imefika mahali pale kabla yetu. Mwaka 2013 alimpisha Bwana Carteron kwenye benchi, akachukua kazi ya kusimamia mambo ya ufundi katika klabu ile ile. Miaka kumi baadaye alirudi kufundisha, na mwaka 2024 akaifikisha timu nusu fainali ya Kombe la Mabingwa. Kumpisha mwenzako bila kununa si kazi nyepesi. Wenye kuongoza kwaya za parokia watatuelewa.

Na je, nyumba huanguka mwalimu akiondoka? Tuhesabu. Mwaka 2015 Mazembe ilitwaa kombe la Afrika kwa mkono wa Carteron. Mwaka 2016 alikuja Mfaransa mwingine, Bwana Hubert Velud, ikatwaa Kombe la Shirikisho kwa kuifunga Béjaïa ya Algeria. Mwaka 2017 alikuwapo Bwana Pamphile Mihayo, ambaye miaka saba kabla yake alikuwa uwanjani kule Abu Dhabi kama mchezaji wa Mazembe, na kombe lile likabaki Lubumbashi baada ya kuishinda SuperSport ya Afrika ya Kusini. Miaka mitatu, waalimu watatu, makombe matatu. Huyo wa mwisho alikuwa mtoto wa nyumba, nasi twakiri kwamba ushindi wake ndio uliotufurahisha kuliko yote.

Lakini yaliyotusukuma kuandika si hayo makubwa. Timu kubwa itapata mwalimu siku zote. Wako wenye kutuma barua zao kutoka pande zote za dunia. Tunalo neno juu ya yule mwalimu mdogo wa shule, afundishaye sayansi au Kifaransa, ambaye Jumatano na Jumamosi hukusanya vijana thelathini na mpira mmoja uliokwisha kushonwa mara mbili. Huyo naye huondoka. Huenda kwenye kampuni ya shaba, Kolwezi au Likasi, kuwa karani au mlinda ghala. Wanafunzi hulia, na wazazi husema neno lile lile: fedha.

Ndiyo, ni fedha, lakini si fedha za Cairo. Tangu miaka ya 1990, mishahara ya serikali ilipokuwa si kitu tena, walimu wa nchi hii walikuwa wakiishi kwa mchango wa wazazi. Septemba 2019 serikali ilianza kuondoa malipo katika shule za msingi, nalo lilikuwa jambo jema, kwa maana watoto wengi maskini walipata kuingia shuleni. Bali walimu wengi wa mijini, waliozoea nyongeza ile ya wazazi, waliona kipato chao kikipungua. Mtu mwenye watoto watano na kodi ya nyumba huenda akaipenda timu yake kwa moyo wote na asiweze kubaki. Mzazi ambaye hajalipa mchango wa shule ya sekondari tangu mwezi wa kumi, kisha amlaumu mwalimu kwa kuondoka, heri angenyamaza.

Kuna jambo moja, hata hivyo, tusiloliachilia. Wako waalimu ambao wakihama huwachukua na vijana walio hodari. Humwendea mama wa mtoto usiku, humwahidia viatu na sare na chakula, na kesho yake mtoto wa miaka kumi na minne hayupo darasani. Amekwenda kulala katika nyumba ya timu upande mwingine wa mji, au mji mwingine kabisa. Mwalimu ana haki ya kuhama, kwa kuwa mkataba ni wake. Mtoto si wake. Wazazi wakijiwa na mtu wa namna hiyo, wamwulize kwanza ni shule gani atakayosoma mtoto, ni nani atakayelipa, na karatasi ya kuhama iko wapi. Akikosa kujibu hata moja, mlango na ufungwe. Wala kijana asidhani kwamba kubaki ni kumkosea mwalimu wake.

Kwa mwalimu anayeondoka kwa haki tuna ombi dogo. Anunue daftari, aandike majina ya vijana wote, umri wao wa kweli, nani aliumia goti na lini, nani hana viatu, nani hutembea kwa miguu kutoka Katuba bila kula asubuhi, nani acheza vizuri zaidi akiwekwa kushoto. Amkabidhi mkuu wa shule kabla ya kupanda gari, ili mwalimu ajaye asianze kwa kuuliza, "Na wewe, jina lako nani?"