Waagizaji wa mota za stepa watazame zaidi ya namba ya kibandiko

Mfanyabiashara anayeagiza mota za stepa kutoka China ili aziuze kwa karakana za Gerezani jijini Dar es Salaam au Katwe jijini Kampala mara nyingi huuliza swali moja: ipi ina nguvu zaidi? Swali hilo peke yake linaweza kumwachia mzigo usiouzika.

Mota hizi huzunguka hatua kwa hatua, kwa kawaida hatua 200 kwa mzunguko. Ndizo anazohitaji fundi anayetaka mashine yake kuukuu ya kukereza au kuchonga chuma iongozwe na kompyuta. Hutajwa kwa upana wa uso wake: NEMA 17 ni milimita 42, NEMA 23 ni 57 na NEMA 34 ni 86.

Tatizo lipo kwenye namba inayotangazwa. Hiyo ni nguvu ya kushikilia, yaani mota ikiwa imesimama. Ikianza kuzunguka nguvu hupungua, na kadiri kasi inavyopanda ndivyo inavyozidi kushuka. Chukua meza ya mashine inayosogea milimita 5 kwa kila mzunguko wa skrubu. Ikitakiwa kwenda mita 3 kwa dakika, mota lazima izunguke mara 600 kwa dakika. Kwa kasi hiyo NEMA 34 yenye induktansi kubwa, ikiendeshwa kwa volti ndogo, inaweza kushindwa na NEMA 23 iliyochaguliwa vizuri.

Mota ikizidiwa huruka hatua. Mifumo mingi ya bei nafuu haina kifaa cha kuipa kompyuta taarifa, hivyo kazi huendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, na fundi huja kugundua kipande kimeshaharibika. Lawama humrudia muuzaji.

Kwa hiyo muagizaji adai karatasi ya vipimo yenye mchoro wa nguvu kwa kasi, ampea na induktansi. Mafundi wengi hukadiria volti ya juu inayofaa kwa kuchukua kipeuo cha pili cha milihenri na kuzidisha kwa 32. Mota ya milihenri 4 hutoka volti 64. Kuiuza pamoja na pawa saplai ya volti 24, kama seti nyingi za bei rahisi zilivyo, ni kuuza sehemu tu ya mota. Draiva nayo iweze kuhimili volti na ampea hizo.

Uzito nao ni pesa. NEMA 34 kubwa huzidi kilo 3, wakati NEMA 23 ya kawaida ni kilo 1 hivi.

Aidha, mota ya China haigeuki kuwa bidhaa ya Afrika Mashariki kwa kununuliwa Nairobi. Cheti rahisi cha uasili, kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Anayevuka Namanga au Busia na mota hizo, zinazoingia kwenye kundi la 8501 la ushuru, aweke gharama hiyo kwenye bei kabla ya kuahidi mteja.

Wasafirishaji nao wana sehemu yao. Mota ifungashwe isigongwe kwenye ekseli yake, na wakati wa ukaguzi isifunguliwe kwa bisibisi: rota ikitolewa, sumaku inaweza kupoteza nguvu, na mota iliyofungwa tena huonekana mpya kabisa kwa macho.