NENO LA MWEZI: Eti vita ina sheria?



Mwezi uliopita, tukiwa foleni ya maji pale bombani, kijana mmoja aliniuliza: "Mzee, eti vita ina sheria? Mtu anachoma nyumba yako, wewe unamwambia kuna sheria?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana hilo swali nilikuja nalo toka Ituri.

Sheria zipo. Tarehe 12 Agosti 1949 mataifa yalikubaliana Mikataba minne ya Geneva. Kifungu cha 3, kilichomo katika yote minne, kinahusu vita ya ndani ya nchi kama yetu. Kinasema asiyepigana asiuawe, aliyeweka silaha chini asiteswe, watu wasishikwe mateka, majeruhi na wagonjwa watunzwe.

Mtasema, sasa ilizuia nini? Kweli. Bogoro ilishambuliwa tarehe 24 Februari 2003, na sheria ilishaandikwa zaidi ya miaka 50. Baadaye kesi zilifika mahakama ya ICC kule The Hague, Uholanzi. Mwaka 2012 Thomas Lubanga alihukumiwa miaka 14 kwa kuingiza watoto wa chini ya miaka 15 katika jeshi lake. Mwaka 2014 Germain Katanga akapewa miaka 12 kwa mambo ya Bogoro. Hao wawili walitoka pande mbili zilizokuwa zinapigana. Hata hivyo, mwishoni mwa 2017 Ituri iliwaka tena. Basi sitawadanganya: sheria peke yake haileti amani.

Inasaidia nini sasa? Vita ikiisha tutarudi kwa majirani walewale, soko lilelile, kisima kilekile. Watu husema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Kisasi kinahesabu hivyo: mmoja amekosa, ukoo mzima ulipe. Na ule ukoo nao utahesabu vilevile, haitaisha. Sheria inauliza: ni nani? Alifanya nini? Lini?

Katanga aliacha rufaa yake mwaka 2014, akasema anasikitika kwa ajili ya walioumia. Mwaka 2017 mahakama iliamuru wahanga 297 wapewe dola 250 kila mmoja, pamoja na misaada ya wote kwa jumla. Dola 250 hazirudishi mtoto wa mtu. Lakini imeandikwa kwamba hao watu walikosewa, na aliyehukumiwa ni mtu mwenye jina lake, si kabila lake.

Mimi nawaambia hivi na nina kosa langu. Kuna mama mmoja hapa kambini, muda mrefu sikumsalimia kwa sababu ya lugha anayoongea na watoto wake. Siku moja nikajiuliza: huyu mama alinifanyia nini? Hakuna. Naye alikimbia kama mimi. Siku hizi namsalimia. Bado ni ngumu, lakini namsalimia.

Wazazi wenzangu, mtoto akikuuliza jioni nani alichoma nyumba yetu, usimtajie kabila. Kama unamjua mtu aliyechoma, mtaje huyo. Kama humjui, sema simjui. Huyo mtoto ndiye atakayerudi kuishi kule.

Tuonane mwezi ujao.