Seva ya Gemini: mwache msomaji apumue

Leo tuzungumzie Gemini. Si ile akili bandia ya Google! Hii ni itifaki ya mtandao iliyoanza mwaka 2019, mdogo wake Gopher iliyotoka Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mwaka 1991. Inatumia poti 1965, mwaka ambao chombo cha kwanza cha Gemini chenye watu kilirushwa angani.

Kwa nini nikusumbue na itifaki ambayo jirani yako hajaisikia? Kwa sababu tovuti nyingi siku hizi hazina adabu. Unataka kusoma aya tano tu, lakini tarakilishi yako inavutishwa matangazo, video inayojiwasha yenyewe na skripti za kukufuatilia. Bili analipa nani? Ni wewe uliyenunua data.

Sasa tazama Gemini inavyofanya kazi. Programu ya msomaji inatuma mstari mmoja tu: anwani isiyozidi baiti 1024. Seva inajibu kwa mstari mmoja, mathamani "20 text/gemini", inatuma faili, kisha inakata muunganisho. Basi! Hakuna kuki wala skripti. Picha haishuki mpaka msomaji mwenyewe abofye kiungo chake. Mawasiliano yote yamefichwa kwa TLS.

Ukitaka kujaribu, chukua Agate, seva ndogo iliyoandikwa kwa Rust. Weka faili iitwayo index.gmi ndani ya folda "kurasa", kisha andika:

agate --content kurasa --hostname localhost --lang sw

Fungua gemini://localhost kwa kutumia Lagrange au Amfora. Cheti cha TLS inajitengenezea yenyewe. Kitunze cheti hicho: msomaji hukiamini mara ya kwanza anapokutembelea, na ukikibadilisha ovyo ataonywa kwamba huenda wewe si wewe.

Ukipenda kuandika seva yako mwenyewe, vizuri zaidi, ila chunga anwani zenye "../". Usipozikagua, mgeni atatoka nje ya folda yako na kusoma faili zisizomhusu.

Najua utaniuliza: si ningeandika HTML nyepesi tu? Ungeweza, na wengi wangekufikia bila kusakinisha chochote. Hapo Gemini imeshindwa, sibishi. Benki au duka usilipeleke huko. Lakini wepesi wa HTML unategemea hiari ya mwenye tovuti. Leo ni nyepesi, kesho meneja anataka matangazo. Katika Gemini, wepesi ni sheria ya itifaki yenyewe.

Maoni yangu ni haya: kila mwanaprogramu angalau mara moja asimamishe seva kama hii. Utaona maandishi yanahitaji vitu vichache kiasi gani ili yamfikie mtu. Ukirudi kwenye HTTP, kila skripti utakayotaka kuongeza utaiuliza kwanza: wewe unamsaidia msomaji, au unamla?